Wino Uliobaki Udongoni

 Leo safari yetu ni ya mbali, kwa hiyo nakuomba uvute kiti.

Mwaka 1977, kaskazini mwa Afghanistan, pale mto Kokcha unapoingia katika mto mkubwa wa Amu Darya, wataalamu wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walikuwa wakichimba hazina ya jumba la kifalme. Jumba lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa kifusi kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wakiwa wanakwangua chumba kimoja kilichojaa udongo laini wa matofali mabichi yaliyomong'onyoka, wakaona herufi. Zilikuwa herufi za wino, mstari chini ya mstari, zimelala juu ya bonge la udongo, na karatasi hakuna. Karatasi ya mafunjo iliyobeba maneno yale ilikuwa imeoza ikaisha. Lakini kabla haijaisha ilikuwa imeulalia udongo ule, na wino ukahama, ukashika ardhi.

Wataalamu wakayasoma. Lugha ni Kigiriki. Maneno ni ya watu wanaojadiliana falsafa, ile hoja ya Plato kwamba vitu tunavyoviona kwa macho vinapata asili yao katika vitu visivyoonekana. Ndiyo kusema, mjadala uliozaliwa Athens ulikutwa miguuni pa milima ya Asia ya Kati, kilomita zipatazo 4,000 kutoka Ugiriki hata ungekwenda kwa mstari ulionyooka. Mji huo leo unaitwa Ai Khanoum.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara swali langu ni lile lile. Nani aliyeibeba karatasi ile mpaka pale? Na nani pale aliyekuwa na haja nayo?

Jibu tulilopewa shuleni lilikuwa jina moja tu: Alexander wa Makedonia, yule ambaye wazee wetu wa pwani wanamwita Iskandari. Alipita, akashinda, utamaduni wa Kigiriki ukaenea. Jioni hii ninataka kuonyesha kwamba jibu hilo limewaacha nje watu wengi mno, na kwamba hao walioachwa ndio walioifanya kazi.

Habari za Alexander nitazipita mbio, maana zinajulikana. Alizaliwa mwaka 356 kabla ya Kristo, akatawazwa akiwa na miaka 20, akavuka kuingia Asia mwaka 334, na kufikia mwaka 330 dola kubwa ya Uajemi ilikuwa imeanguka mikononi mwake. Akafika mpaka bonde la mto Indus. Mwaka 323 alifia Babeli, hajatimiza miaka 33. Hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye vitabu vya watoto. Yasiyoandikwa sana ni kwamba mwaka 335 mji wa Kigiriki wenyewe, Thebes, aliubomoa akauacha uwanja mtupu, na waandishi wa kale wanasema watu 30,000 waliuzwa utumwani. Mji wa Tiro aliuzingira miezi saba, na ulipoanguka wanaume 2,000 walitundikwa misalabani kando ya bahari. Jumba la Persepolis lilichomwa moto. Mtu yeyote anayezungumzia ueneaji wa utamaduni huu na asiyataje haya, hadithi yake ameianzia katikati.

Sasa nije kwa watu ambao mimi huwafikiria zaidi kuliko Alexander.

Alipokuwa akipita katika nchi ya Bactria, hiyo Afghanistan ya kaskazini, aliacha nyuma maelfu ya askari wa Kigiriki wakae wailinde nchi. Wengi walikuwa mamluki, watu waliopigana kwa mshahara. Walipewa ardhi, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Watu wa visiwani na mwambao, waliokulia kwenye harufu ya bahari na vivuli vya mizeituni, wakajikuta wamezungukwa na milima ya theluji na nyika isiyo na mwisho. Alipokufa mfalme na habari zikawafikia, walikusanyika, wakachagua jemadari wao, wakaanza safari ya kurudi makwao kwa miguu. Mwanahistoria Diodorus anasema walikuwa askari wa miguu zaidi ya 20,000 na wapanda farasi 3,000, na anataja sababu yao waziwazi: walikuwa na hamu ya maisha na desturi za Kigiriki. Walioshika madaraka kule Babeli wakatuma jeshi la Wamakedonia kuwazuia. Jeshi hilo likawashinda. Walipokuwa wamekwisha kuweka silaha chini na kupewa ahadi ya usalama, wakachinjwa.

Basi hao ndio eti wapanzi wa utamaduni. Walitaka kwenda nyumbani, wakauawa na jeshi la mfalme wao wenyewe. Waliobaki Bactria walibaki kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa imefungwa, na mtu asiyeweza kurudi kwao hujenga kwao pale alipo. Ndivyo Ai Khanoum ilivyopata kuwa mji wa Kigiriki.

Tuingie ndani ya mji. Ulikuwa na jumba la maonyesho lililochongwa kwenye mteremko wa kilima, lenye nafasi ya watu wapatao 5,000. Ulikuwa na gimnasio, yaani uwanja wa mazoezi na masomo ambako vijana walikimbia, walipigana mieleka na kufundishwa kusoma. Katikati ya mji palikuwa na kaburi la mtu anayeitwa Kineas, ambaye yaelekea ndiye mwasisi wake, na kwenye kaburi hilo palisimamishwa jiwe la maandishi. Jiwe linasema kwamba mtu aitwaye Klearchos aliyanakili kwa uangalifu maneno ya hekima yaliyokuwa kwenye hekalu la Delphi kule Ugiriki, akayaleta mpaka pale. Sehemu ya wasia huo imesalia: unamwelekeza mtu awe na adabu utotoni, ajitawale ujanani, atende haki utu uzimani, na uzeeni awe mshauri mwema, ili afe bila majuto. Mswahili akiyasikia hayo hahitaji mkalimani. Babu yake amekwisha kumwambia.

Lakini zungusha macho kidogo. Hekalu kubwa la mji huo halifanani hata kidogo na yale ya Athens yenye nguzo pande zote. Kuta zake ni nene, za matofali mabichi, zimechongwa vishubaka nje, kwa namna ya Babeli na Uajemi. Ndani yake wachimbaji walikuta mguu wa jiwe wa sanamu kubwa mno, umevaa ndara ya Kigiriki iliyopambwa kwa alama ya radi. Mungu wa Kigiriki ameketishwa katika nyumba ya Mashariki. Na waabudu walimwona nani pale? Mgiriki yawezekana alimwona Zeus. Mwenyeji yawezekana alimwona mungu wake mwenyewe aliyekuwapo kabla ya Wagiriki kufika. Wote waliingia mlango mmoja.

Jumba la mfalme nalo lilikuwa hivyo hivyo: nguzo za mtindo wa Kigiriki, lakini nyua pana na ujia mrefu kama majumba ya wafalme wa Uajemi. Na kwenye ile hazina tuliyoanza nayo, mitungi ilikuwa imeandikwa kwa wino majina ya makarani waliohesabu fedha na mafuta ya zeituni. Wengine wana majina ya Kigiriki. Wengine, kwa mfano Oxybazos, wana majina ya kienyeji yaliyotokana na jina la kale la mto wao, Oxus. Huyo Oxybazos ameshika kalamu, anaandika Kigiriki, anahesabu fedha ya mfalme wa Kigiriki, na jina lake bado ni la mto wa babu zake. Mimi nikiulizwa ni nani aliyeueneza utamaduni huu, naonyesha mtungi huo kabla sijaonyesha upanga wowote.

Hapa lazima niseme jambo juu ya lugha, maana sisi tunaozungumza Kiswahili tunalielewa jambo hili kwa ngozi yetu.

Kigiriki kilichoenea hakikuwa kile cha washairi wakubwa. Kilikuwa kinaitwa koine, maana yake lugha ya wote. Msingi wake ulikuwa lahaja ya Athens, iliyochanganyika na lahaja nyingine za mwambao, ikapita bandarini, kambini na sokoni, ikapunguziwa ugumu. Kigiriki cha zamani kilikuwa na umbo maalumu la kuhesabu vitu viwili, tofauti na kimoja na tofauti na vingi. Koine ililiacha njiani. Wasomi wa baadaye walinung'unika kwamba lugha imeharibika. Je, hujapata kuyasikia manung'uniko hayo? Sisi tulikuwa na Kimvita, Kiamu, Kimtang'ata, Kipemba, kila lahaja na utamu wake. Kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kikachagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Na kabla ya hapo misafara ilikuwa imekwisha kukichukua Kiswahili mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Wajerumani wakakikuta, wakakitumia kutawala kupitia kwa maakida na makarani. Lugha ikifika bara, watu wa bara huisema kwa vinywa vyao, na mwenye lahaja ya asili hushika kichwa. Koine ilipita njia hiyo hiyo miaka elfu mbili na zaidi kabla yetu.

Lakini nisije nikalipamba jambo hili. Lugha ya wote ilikuwa pia mlango, na mlango una bawabu.

Nitakusomea, kwa muhtasari, barua moja. Iliandikwa Misri karibu mwaka 255 kabla ya Kristo, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Ptolemy wa Pili, mtoto wa mmoja wa majemadari wa Alexander. Palikuwa na bwana mkubwa aitwaye Zenon, aliyesimamia shamba la waziri wa fedha katika mji wa Philadelphia, Fayum. Huyu Zenon alikuwa mtu wa kutunza karatasi zake, na mchanga mkavu wa Misri ukamsaidia kuzitunza. Miongoni mwake imo barua ya malalamiko ya mtu aliyekuwa akishughulikia ngamia. Jina lake limepotea.

Anasema hivi. Uliniacha Syria kwa bwana fulani, nikafanya kila nililoamriwa juu ya ngamia. Ukaamuru nilipwe, sikulipwa. Nikavumilia, nikaomba tena na tena, nikaambiwa ondoka. Nikakimbia nisife njaa. Ukanihamishia Philadelphia kwa bwana mwingine, na sasa huu mwezi wa tisa ananinyima nilichopangiwa, si mafuta, si nafaka, ila kidogo baada ya kila miezi miwili. Nataabika kiangazi na kipupwe. Mshahara wangu anataka niupokee kwa divai chachu. Wamenidharau kwa sababu mimi si Mgiriki. Nakuomba uwaamuru wanilipe, ili nisife njaa kwa sababu ya kutojua hellenizein.

Msikilizaji, neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nilete mazungumzo haya. Hellenizein maana yake ni kusema Kigiriki, na pia ni kuenenda kama Mgiriki, kuyajua mambo kama Mgiriki anavyoyajua. Wasomi wanagombana ni maana ipi kati ya hizo aliyoikusudia yule mtu wa ngamia. Sisi hatuna haja ya kugombana. Lugha yetu inalo neno la sampuli ile ile: kustaarabika. Chimbuko lake ni kuwa kama Mwarabu, kuingia katika mwenendo wa Kiarabu, na leo tunalitumia kwa maana ya kuwa na adabu na utu wa kimji, mpaka tumesahau limetoka wapi. Mtu akiambiwa hajastaarabika, huumia. Fikiria basi mtu anayenyimwa chakula kwa ajili hiyo.

Na jambo linaloniuma zaidi ni hili: malalamiko yenyewe yameandikwa kwa Kigiriki. Ili aweze kusema kwamba hajui mambo ya Kigiriki, ilimbidi aende kwa mtu mwenye kalamu, aseme yake, yageuzwe yawe maneno ambayo Zenon atayasoma. Dola ilikuwa imefika mahali ambapo hata kilio hakina pa kupita ila kwa lugha ya mwenye shamba. Barua hiyo imehifadhiwa leo New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia, na kila ninapoifikiria, natamani kujua kama alilipwa.

Wengine walipita mlango ule ule wakaufanya wao. Kutoka Kandahar, kusini mwa Afghanistan, limepatikana jiwe lenye shairi la Kigiriki la mtu aitwaye Sophytos, mwana wa Naratos. Majina hayo si ya Kigiriki. Wataalamu wanaona asili yake ni ya Kihindi. Shairi linasimulia kwamba ukoo wake ulikuwa na mali, ukafilisika. Yeye kijana akakopa fedha, akaondoka nyumbani akaapa harudi mpaka awe tajiri, akazunguka miji mingi akifanya biashara, akarudi baada ya miaka na mali tele, akaijenga upya nyumba ya wazee wake na kaburi lao lililobomoka. Ni habari ambayo mtu wa Lamu au wa Sur kule Omani angeielewa bila kuelezwa. Isitoshe, ukizisoma herufi za mwanzo wa kila mstari kutoka juu kwenda chini, zinatoa jina lake na la baba yake. Alikuwa fundi. Hakuna Mgiriki aliyemlazimisha kuandika vile. Kigiriki kilikuwa chombo chake cha kujisifia mbele ya watu wa mjini kwake, na alikimudu.

Katika mji huo huo, mnamo mwaka 258 kabla ya Kristo, Ashoka, mfalme mkuu wa India, alitangaza amri zake za huruma kwa viumbe kwenye mwamba, kwa Kigiriki na kwa Kiaramu. Mfalme wa Kihindi, mfuasi wa Buddha, alipotaka kusema na raia zake wa huko, aliwasemesha kwa lugha wanayoijua.

Na wapo waliokataa. Yerusalemu, mwaka 175 kabla ya Kristo, kuhani mkuu Jason alijenga gimnasio, na vijana wa ukoo bora wakakimbilia huko. Hata makuhani, tunaambiwa, waliziacha madhabahu wakaenda kutazama michezo. Mpaka hapo ilikuwa hiari, na ugomvi ulikuwa wa nyumbani, baina ya ndugu. Mwaka 167 mfalme Antiochus wa Nne, aliyeitawala nchi ile kutoka Syria, akaamua kutia amri: akapiga marufuku sheria ya Musa, na hekalu likanajisiwa. Nchi ikalipuka. Wapiganaji wa Kiyahudi, Wamakabayo, wakashika silaha, na mwishowe wakajipatia utawala wao. Lililokuwa likienda taratibu kwa hiari lilikataliwa kwa damu siku lilipogeuzwa kuwa amri. Tena angalia maajabu ya lugha: kitabu cha pili cha Wamakabayo, kinachosifu upinzani huo, kiliandikwa kwa Kigiriki, na ndicho cha kwanza tunamokuta neno hellenismos kwa maana ya mwenendo wa Kigiriki. Hata jina la ugonjwa lilitungwa na waliokuwa wanaukataa, kwa lugha ya walioutia.

Je, sisi wa mwambao huu? Hatukushindwa na Alexander, wala jeshi lake halikufika kwetu. Lakini wafalme wa Misri, wale akina Ptolemy, walihitaji tembo wa vita, kwa sababu mahasimu wao waliotawala Syria walikuwa wanapata tembo wa India na njia ya kuwafikia ilikuwa mikononi mwao. Kwa hiyo wakatuma watu kushuka Bahari ya Shamu, wakajenga vituo vya kuwindia katika pwani ya Sudan na Eritrea za leo, wakaunda majahazi maalumu ya kubeba tembo wazima. Mabaharia wakaijua bahari kidogo kidogo. Karne tatu baadaye, Misri ikiwa chini ya Roma, mfanyabiashara mmoja asiyetaja jina lake aliandika kwa koine kitabu cha mwongozo wa bahari hii, kinachoitwa Periplus. Anafika mpaka pwani anayoiita Azania, mpaka soko la mwisho liitwalo Rhapta, kwenye pembe za ndovu na magamba ya kasa.

Jina Rhapta limetokana na neno la Kigiriki la kushona. Mwenyewe anaeleza kwamba mji uliitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vya watu wa huko, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Mtu wa pwani akisikia hivyo mara moja ataona mtepe: mbao zimetobolewa tundu, zimefungwa kwa kamba za usumba wa nazi, bila msumari hata mmoja. Mgeni amekuja na lugha ya dunia nzima, amesimama ufukweni, na kitu kilichomshika mpaka akaupa mji jina ni mkono wa fundi wa pale. Anasema pia kwamba manahodha wa Kiarabu waliokwenda huko walizoeana na wenyeji, wakaoa kwao, na wakaijua lugha yao. Ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya jinsi pwani yetu ilivyokuwa ikiwapokea watu.

Maneno ya Kigiriki yalikuja kwetu baadaye sana, kwa jahazi jingine, yakiwa yamepanda Kiarabu. Nilipokuwa mtoto, marehemu bibi yangu alikuwa na fanusi ya bati yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ikifika magharibi alikuwa ananituma niilete, anaifuta masizi kwa kitambaa, kisha anawasha utambi, na mimi ninakaa karibu nayo na daftari. Sikujua kwamba fanusi ni phanos ya Wagiriki, kwamba kalamu niliyoshika ni kalamos, yaani tete, na kwamba karatasi ni khartes, lile neno lao la ukurasa wa mafunjo. Falsafa, kanuni, almasi, dirhamu: yote yameonja midomo ile. Bibi hakuwahi kumsikia Plato. Lakini kila jioni aliitaja taa yake kwa neno lililopitia Damascus na Muscat mpaka kufika jikoni kwake, na lilikuwa neno lake, halikuwa la kuazima tena.

Kwa hiyo ile karatasi iliyooza Ai Khanoum, ukimwonyesha Mswahili, ataitaja kwa jina lile lile aliloliita mwenye kuiandika, limebadilika kidogo tu kinywani.

Ai Khanoum ilianguka karibu mwaka 145 kabla ya Kristo. Wahamaji wa kaskazini walifika, jumba likachomwa, na watu wa jirani wakaja kubomoa mawe wakajengee kwao. Katika vita vya nyakati zetu wezi wa mali ya kale walipachimba tena wakapaacha mashimo mashimo, kiasi kwamba picha za kutoka angani zinaonyesha mahali palipotobolewa kama chujio. Kwa sehemu ya ile hazina, kilichosalia ni kile kilichoandikwa na kupigwa picha kabla uchimbaji haujakoma.

Utawala wa Kigiriki ukaisha Bactria. Wakaja Wakushani, watu wa nyika, wakajenga dola yao. Mwanzoni sarafu zao ziliandikwa Kigiriki, kama ilivyokuwa desturi. Kisha katika karne ya pili baada ya Kristo mfalme wao Kanishka akakiondoa Kigiriki kwenye sarafu akaweka lugha ya nchi, Kibactria. Kwa wakati huo huenda hapakuwa na mtu kule aliyekuwa na babu wa Kigiriki wa kumtaja. Lakini herufi hawakuzitupa. Makarani wa Bactria waliendelea kuandika lugha yao kwa herufi za Kigiriki, na kwa kuwa Kigiriki hakina sauti ya "sh", na wao walikuwa nayo katika majina yao na hata katika neno la mfalme, waliunda herufi moja zaidi wakaitia katika safu. Ndivyo walivyofanya wazee wetu waliochukua herufi za Kiarabu kuandika Kiswahili: walipokosa "p" na "ch" waliongeza nukta, wakaendelea na utenzi wao.

Zimepatikana nyaraka za Kibactria kwenye ngozi, za tangu karne ya nne mpaka karne ya nane. Ni za mauziano ya mashamba, madeni, barua za kuulizana hali. Moja kati ya zile za mwanzo kabisa ni mkataba wa ndoa, wenye mashahidi na masharti, ulioandikwa zaidi ya miaka 450 baada ya Ai Khanoum kuchomwa, kwa herufi zilizoletwa na jeshi, mkononi mwa karani ambaye hakuwa na habari na jeshi lile. Na kila palipohitajika "sh", ile herufi yao imo, imesimama pamoja na zile za Athens.